Meno ya Ndinda, Akili ya Ndinda

Kiboko, Makueni
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kaka Kimeu,

Nakusalimu. Nimeanza na salamu kwa sababu mama yetu hangeniruhusu kuandika barua bila salamu, hata barua kama hii. Natumaini u mzima, sukari yako imetulia, na dawa unameza baada ya kula, si kabla. Mimi huku Kiboko ni mzima wa mwili. Joto limezidi, vumbi la malori linaingia hadi ndani ya kabati la dawa, na mvua bado tunaihesabia majuma. Najua Kyuso ni vibaya zaidi. Basi, salamu zangu ni hizo. Usitafute nyingine katika kurasa zinazofuata, hutazipata.

Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe huongea nami husikiliza. Imekuwa hivyo tangu tukiwa watoto. Karatasi huwezi kuikatiza. Tena najua utaisoma yote, maana utakuwa unatafuta makosa ya sarufi.

La kwanza ni hili: Ndinda hayuko Mwingi kwa bibi yake kama ulivyoambiwa. Yuko hapa kwangu tangu Jumanne ya tarehe 17 Septemba. Mkeo Kanini ndiye aliyempandisha basi alfajiri, na ameniruhusu nikuandikie hivyo. Amesema amechoka kupima kila neno kabla halijatoka kinywani, kana kwamba nyumba yake ni ofisi ya mwalimu mkuu. Ukitaka kugombana na mtu, gombana nami. Kanini mwache.

La pili ni kwamba binti yako hakuteleza bafuni. Alilifungua lile sanduku lako jekundu la vifaa, akatoa koleo, akajifungia chumbani. Akalishika jino lake la mbele, la juu upande wa kulia, akalisukuma ndani kwa nguvu zake zote. Alitaka lirudi nyuma lilingane na mengine. Jino halirudi nyuma kwa koleo, Kimeu. Lilivunjika katikati. Alishuka hapa barabarani jioni, leso mdomoni, kipande cha jino amekifunga ndani ya karatasi ya daftari la hesabu. Hakulia. Aliniuliza kama kinaweza kugundishwa.

Daktari wetu aliokoa mzizi. Ilichukua siku tatu tofauti. Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba dadako ni mng'oa meno tu, lakini safari hii hatukung'oa. Nilimshika mkono wakati sindano ikiingia, na kila mara alijaribu kuufunika mdomo kwa ule mkono mwingine, hata daktari akiwa na vyombo vyake ndani. Msichana wa miaka kumi na tano, anamficha daktari wa meno meno yake. Aliyemfundisha hivyo ni wewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mambo haya unayajua, ila unayajua kwa namna inayokupendeza.

Mwezi wa Juni tulikuja shuleni kwako na kikundi cha Daktari Mulinge kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua kama akili ya kijana ina uhusiano wowote na kiasi anachohitaji kunyooshwa meno. Wapo wanaodhani kijana mwenye akili huyatunza meno yake vizuri zaidi. Wapo wanaodhani meno yaliyokaa vibaya humletea mtoto matusi, na matusi ndiyo humharibia masomo. Na wapo wanaodhani mambo hayo mawili hayajuani kabisa. Daktari Mulinge alituambia tangu siku ya kwanza kwamba yeye jibu halijui, na hataki mmoja wetu ajifanye analijua.

Kazi yangu ilikuwa midomoni. Nilikuwa na kirula kidogo cha chuma, napima meno ya juu yameyapita ya chini kwa kiasi gani, yamepandana wapi, yamekosa nafasi wapi. Kisha naandika ngazi, moja hadi tano. Ngazi ya kwanza haihitaji chochote. Ya tano inahitaji matibabu bila mjadala. Ndinda, kama ujuavyo au kama usivyotaka kujua, alikuwa ya tano. Meno yake ya juu yameyapita ya chini kwa milimita kumi. Baada ya hapo kila mwanafunzi alipewa kijitabu cha maumbo sitini. Kila umbo limekatwa kipande, naye achague kipande kinachofaa kuliziba. Humo hamna Kiingereza wala hesabu, ni macho na kufikiri. Karatasi zote zilikuwa na namba, bila majina. Orodha iliyounganisha namba, majina, ngazi na alama ilikuwa moja tu, na Mulki ndiye aliyeitunza kabatini.

Mulki unamjua, ingawa siku hizi unasema humjui. Ni binti wa mzee Salat, yule ambaye umenunua mbuzi wa Krismasi kwake miaka yote uliyokaa Kyuso. Amesomea takwimu na ana watoto wawili. Tulilala naye chumba kimoja mjini Kitui majuma matano. Akiamka kuswali alfajiri alikuwa ananichemshia chai na kuniachia kwenye thamosi, ili nilale nusu saa zaidi.

Mwezi wa Julai ukapata bahasha isiyo na jina la aliyeituma. Ndani mlikuwa na orodha ya wanafunzi wako themanini na sita, majina yao, ngazi za meno yao na alama zao za maumbo. Mtu mwenye haya angeifunga na kumpigia Daktari Mulinge. Wewe uliichukua ukaenda nayo paredi.

Uliyoyasema paredi ile nimeyasikia kwa watu wanne, na wote wanne wamesema yale yale. Uliwaambia watoto kwamba wataalamu wamepima, na sasa imethibitishwa kwamba mtoto ambaye mdomo wake haufungiki, hata kichwa chake hakishiki kitu. Kwenye mkutano wa wazazi ukarudia, mara hii kwa kistaarabu zaidi, ukisema utafiti umeonyesha. Ukatoa watoto kumi na wawili wenye alama za chini kabisa, ukawapeleka kwenye lile darasa lililokuwa stoo ya majembe na mifagio. Mwalimu wao ni yeyote ambaye hana kipindi. Wenzao wanawaita Darasa la Meno.

Utafiti haujaonyesha kitu, Kimeu. Ulikuwa haujamalizika hata kuhesabiwa. Wewe ulitazama wale kumi na wawili, ukaona saba wana meno mabaya, ukaridhika. Hukuwatazama waliokuwa juu. Mimi niliwatazama. Katika kumi wa kwanza wanne wana meno ya ngazi ya nne na ya tano. Kaloki aliyeongoza shule nzima, meno yake ya mbele yamepandana kama watu wanaogombea mlango. Na hata hivyo, shule moja haitoshi kusema lolote kuhusu watoto wa dunia. Hili hata wewe mwalimu wa jiografia unalijua.

Wacha nikuambie kuhusu Kiilu, yule mrefu anayetoka upande wa mtoni, aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha yako. Siku ya kipimo shavu lake lilikuwa limevimba kama ameficha limau humo. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mshipa. Niliandika hivyo kwa mkono wangu pembeni ya fomu, na nikamwambia arudi siku nyingine afanye ule mtihani wa maumbo akiwa amepona. Akasema mwalimu mkuu ametaka wote wamalize siku hiyo. Mtoto ambaye jino linamuuma namna ile hawezi kupanga maumbo, hata wewe hungeweza. Leo Kiilu hayuko hata kwenye darasa lako la stoo. Yuko sokoni anapakia mbuzi kwenye malori, na anasema anafurahi zaidi, kwa sababu mbuzi hawamwiti jina.

Halafu kuna Ndinda. Binti yako alipata hamsini na mbili kati ya sitini. Katika wanafunzi themanini na sita, wa pili. Uliliona jina lake, huwezi kusema hukuliona. Mzazi mwingine angechinja kuku. Wewe ulimwita ofisini, ukafunga mlango, ukamuuliza alimtazama nani. Akasema hakumtazama mtu. Ukamwambia msichana anayeshika nafasi ya thelathini na moja darasani hapati alama kama hizo, na kwamba wewe hutalea mwizi. Kesho yake ukamsimamisha mbele ya shule nzima akasema aliiba majibu. Alisema. Alisema mkono ukiwa mdomoni, na ukamwamuru autoe mkono arudie, maana wa nyuma hawakusikia.

Nimekuwa nikijiuliza ni baba wa aina gani huona ni rahisi kuamini kwamba mtoto wake ni mwizi kuliko kuamini kwamba ana akili. Jibu ninalo, kwa sababu nimekuwa dada yako miaka thelathini na tisa. Meno hayo Ndinda hakuyatoa kwa Kanini, ameyatoa kwetu, kwa shangazi yake. Ni wewe uliyeniita Mdomo Wazi hadi wageni wakadhani ndilo jina langu la kubatizwa. Nilipomaliza darasa la nane, baba alikuuliza wewe, kifungua mimba, msomi wa nyumba, kama inafaa nijiunge na sekondari. Ulimwambia asijisumbue, mimi sina kichwa. Nikakaa nyumbani miaka miwili nikifukuza ndege kwenye mtama, hadi mke wa mchungaji alipokuja kumuuliza baba kwa nini msichana anayesoma Biblia kanisani bila kukwama hayuko shuleni. Hujawahi kunitaka radhi. Mwaka jana tu Kanini alipokuomba Ndinda aanze kuwekwa waya za meno, ulimjibu kwamba hiyo ni sawa na kupaka rangi ghala tupu. Aliniambia akicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia.

Mwezi wa Agosti Daktari Mulinge alipata habari kutoka kwa mzazi mmoja, akaja ofisini kwako kukuuliza orodha uliipataje. Ungesema kweli: kwamba hujui. Badala yake ulimwambia amuulize yule mwanamke Msomali, jamaa zake wamejaa hapa sokoni na mpwa wake yuko kidato cha pili. Hukuwa na ushahidi wowote. Ulisema tu kwa sababu ilikuwa rahisi kusemeka. Orodha ilikuwa mikononi mwa Mulki na ufunguo wa kabati ulikuwa wake, kwa hiyo ikaaminika. Aliondolewa kwenye kazi juma lile lile. Hakupiga kelele. Alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama nakumbuka, ile Ijumaa ya mwisho, alifunga kabati au alisahau. Alikuwa amefikiri sana na alikuwa hana hakika tena na mkono wake mwenyewe.

Nilimwambia sikumbuki.

Kaka, sasa umefika mahali ambapo mkono wangu umekuwa mzito tangu asubuhi. Nimetoka kanisani nikaketi hapa, na yote niliyoandika juu nimeyaandika haraka, maana kukushtaki wewe ni rahisi kwangu. Hili lililobaki si rahisi.

Bahasha ile niliituma mimi.

Ile Ijumaa ya mwisho Mulki alikwenda kuswali adhuhuri. Aliniachia ufunguo mezani, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nataka kurudisha fomu zangu kabatini. Aliniamini. Nilifungua, nikapiga picha zile kurasa za shule yako kwa simu, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Aliporudi alinikuta nakata tikiti maji, tukala pamoja. Jumatatu nikazichapisha kwenye duka la saiba mjini Kitui, nikanunua bahasha, nikaandika jina lako kwa herufi kubwa ili usiutambue mwandiko wangu.

Ungeniuliza siku ile kwa nini, ningekwambia ni kwa ajili ya Ndinda. Nilijiambia hivyo pia. Nilisema, akiona alama zake kwa macho yake, Kimeu atanyamaza, atamheshimu mtoto. Lakini si kweli, na nimechoka kuubeba uongo huo. Nilipoona hamsini na mbili mbele ya namba yake, sikumfikiria Ndinda hata kidogo. Nilikufikiria wewe. Nilikuona umeketi ofisini kwako, miwani puani, unasoma kwamba Mdomo Wazi mdogo amewashinda watoto wote unaowasifu. Nilitaka ikuchome. Nilitaka nishinde ubishi wa tangu miaka ile ya mtama, na nilitumia karatasi ya mtoto kuushinda. Watoto wengine themanini na watano waliokuwa kwenye kurasa zile sikuwakumbuka kabisa. Kiilu, ambaye nilimshika shavu kwa mkono huu, sikumkumbuka.

Kwa hiyo stoo ile ya majembe uliijaza watoto wewe, lakini mlango niliufungua mimi. Na Mulki nilimwibia mara mbili: kwanza ufunguo, halafu ule ukweli aliouomba kwenye simu.

Jumatatu iliyopita nilikwenda chuoni, nikaketi mbele ya Daktari Mulinge, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amevua miwani. Alisema majibu ya shule yako yote yatatupwa, hayawezi kutumika tena, na kwamba Mulki ataandikiwa barua ya kusafishwa jina. Mimi nitaitwa mbele ya kamati ya maadili, na huenda nikapoteza kibali changu cha kazi. Nilimwambia nitakuja siku yoyote nitakayoitwa. Nilimweleza pia uliyoyafanya na orodha ile, siku kwa siku, naye ameyapeleka kwa bodi ya shule na kwa ofisi ya elimu ya kaunti. Utaitwa. Sikuombi radhi kwa hilo.

Mulki nilimpigia jioni ile ile. Hakunitukana. Alisema ameshukuru kujua kwamba alifunga kabati. Akaniomba nisimpigie tena hadi atakaponipigia yeye. Hajanipigia.

Aliyebaki alikuwa Ndinda. Nilimwambia jana, tukichambua ndengu uani. Nilimwambia kila kitu, picha, bahasha, herufi kubwa, na nikamwambia alama zake, kwa maana hakuna aliyewahi kumtajia. Wewe ulimshtaki kwa alama ambazo hukumwambia ni ngapi. Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza aliyeongoza alipata ngapi. Nikamwambia ni Kaloki, hamsini na nne. Akafikiri kidogo, akasema kwamba ukurasa wa mwisho aliruka maumbo matatu kwa sababu kengele ililia, na anadhani angeyapata.

Alisema hivyo mkono ukiwa kwenye ungo, Kimeu, si mdomoni.

Nikafurahi, nikadhani nimesamehewa. Lakini alikuwa hajamaliza. Alinitazama usoni, akasema: "Shangazi, wewe na baba mnafanana sana. Nyote wawili mlichukua karatasi yangu, na hakuna aliyeniuliza."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nusu yake ni yako.

Siku ya kurudi nyumbani ataiamua mwenyewe na mama yake. Daktari ameshampima, na waya zitaanza mwezi ujao, lile jino likipona. Kabla ya hapo, simama kwenye paredi ile ile, useme kwa sauti ile ile kwamba Ndinda hakuiba, na kwamba hakuna mtaalamu aliyesema ulichosema. Watoto wa stoo warudi madarasani kwao. Kiilu mfuate sokoni kwa miguu yako, umwambie arudi. Fanya hivyo kabla bodi haijakulazimisha, ili angalau jambo moja katika haya liwe umelitenda kwa hiari. Mimi yangu nimeanza kuyatenda, na sijisikii vizuri hata kidogo, kama hilo litakupa faraja.

Sijui kama tutaketi meza moja Krismasi hii. Sidhani. Kaburi la mama litahitaji kupaliliwa kabla ya mvua. Nitakwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo wewe nenda siku nyingine.

Msalimie Kanini, na mwambie mtoto anakula vizuri, ila kwa upande wa kushoto. Wasalimie walimu wanaonikumbuka. Mzee Salat ukimwona usimsalimie kwa niaba yangu. Nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi dada yako, kwa sababu hilo hakuna kamati inayoweza kulifuta,

Kasyoki